Presha ya 210 kwenye mguu usio na damu: kisa cha mzee wa Tanga

Mgonjwa ni mzee wa miaka 64, mkazi wa Ngamiani, mchuuzi wa samaki. Kwa miaka mingi alikuwa akiteremka soko la samaki la Deep Sea alfajiri na baiskeli yake, anapakia kapu, kisha anazunguka Makorora na barabara za Ngamiani mpaka samaki waishe. Ana kisukari cha aina ya pili kwa miaka 14 na presha kwa miaka 9. Anavuta sigara tangu ujana, siku hizi tano au sita kwa siku. Dawa zake ni metformini na glibenklamidi za kisukari, na amlodipini ya presha, hii ya mwisho akimeza siku anazojisikia vibaya tu. Aliletwa kliniki na binti yake akiwa na kidonda cha wiki 7 kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Mambo ya kumtambulisha nimeyaondoa, na wote wawili wameridhia kisa kiandikwe.

Nimekichagua kwa sababu kila kipimo kilichofanywa kabla hajatufikia kilikuwa na maelezo ya kuridhisha, na yote kwa pamoja yalikuwa yakielekea kumpotezea mguu.

Viatu vya Idi

Kidonda kilitokana na viatu vipya alivyonunuliwa na watoto kwa ajili ya Idi. Alivivaa kwenda kusali, akazunguka kwa ndugu hadi jioni, na alipovua akakuta soksi imelowa damu. Hakusikia maumivu hata kidogo. Nyumbani wakapaka asali siku kadhaa, kisha akaenda zahanati, ambako kidonda kilisafishwa na kufungwa kila siku huku akipewa antibiotiki: kwanza ampiklox, baadaye flajili na sipro kwa pamoja. Wiki ya tano alipelekwa kituo kingine. Huko alipigwa picha ya eksirei, ikasomwa kwamba mifupa ni salama. Akapimwa pia presha ya kifundo cha mguu na kulinganishwa na ya mkono, na jibu likawa 1.33, kwa maana ya kawaida. Hitimisho likaandikwa: kidonda cha ganzi chenye maambukizi. Ncha ya kidole ilipoanza kuwa nyeusi alishauriwa kidole kikatwe upesi kabla uozo haujapanda.

Hapo familia ikagawanyika. Kaka yake mkubwa alikuwa na hakika kwamba ndugu yake amekanyaga kitu, na kwamba mguu uliokanyaga kitu haukatwi. Mzee mwenyewe alisema maneno ambayo kila anayefanya kazi hii hapa Tanga amewahi kuyasikia: amewaona waliokatwa kidole, wote walirudi kukatwa mguu, kisha wakazikwa. Si maneno ya ujinga hayo. Ni jambo aliloliona kwa macho yake mtaani, na nitaeleza kwa nini hutokea hivyo.

Alivyojieleza

Baada ya shikamoo na marahaba nilimuuliza swali la vitabuni: ukitembea, shavu la mguu linabana au kuuma, na ukisimama linaachia? Akajibu hapana, papo hapo. Kwenye daftari lake la kliniki jibu hilo lilikuwa limeandikwa zaidi ya mara moja, na watu tofauti.

“Unaweza kutembea mpaka wapi bila kupumzika, mzee?”

“Mimi sitembei, mwanangu. Nina baiskeli.”

Jibu hili lina uzito kuliko linavyosikika. Tanga ni mji wa baiskeli. Ardhi yetu ni tambarare na watu wa rika lake hawatembei popote panapofikika kwa magurudumu mawili. Kukanyaga baiskeli kwa mwendo wa taratibu kunatumikisha misuli ya paja zaidi ya ile ya shavu la mguu. Mtu aliyeziba ateri, yaani mishipa inayopeleka damu, chini ya goti anaweza kuzunguka na kapu la samaki asubuhi nzima asipate ule mbano unaotegemewa kututahadharisha. Kwa wagonjwa wenye kisukari ateri hizo za chini ya goti ndizo hasa hushambuliwa, tofauti na mvutaji sigara asiye na kisukari ambaye mara nyingi huzibia juu zaidi, kwenye paja au nyonga. Ongeza ganzi inayofuta maumivu, na una mgonjwa anayejibu “hapana” kwa uaminifu kamili.

Nikamuuliza msikitini anakwendaje. Huko anatembea, si mbali. Anasimama kwa jirani kusalimia, halafu anasimama tena kwa fundi cherehani.

“Siku hizi baba anasalimia watu sana,” binti akaongeza. “Zamani alikuwa anapita tu.”

Hakuna aliyekuwa anadanganya. Mzee hakusikia maumivu. Alisikia mguu umechoka, akasimama, akaona aibu kusimama bure, akasalimia. Tangu hapo swali la vitabuni nimelipunguzia hadhi. Nauliza mtu anapita njia gani kwenda msikitini au sokoni, anasimama wapi, na kama mwaka jana alikuwa anasimama hapo.

Swali la pili lilikuwa la usiku. Mzee alisema analala vizuri. Binti akamtazama: “Baba, sema ukweli.” Kumbe saa nane za usiku anaamka, ananing'iniza mguu kando ya kitanda, na usiku mwingine anahamia kwenye kiti cha barazani na kusinzia hapo mpaka adhana. Walidhani ni ganzi inayowaka moto, ambayo kliniki walishawahi kuwaeleza.

Miguu ya kisukari huwaka moto usiku kwa sababu ya neva, hilo ni kweli. Lakini moto wa neva hautulii kwa kuushusha mguu. Maumivu yanayopungua mguu ukining'inia ni ya kukosa damu: mtu akiwa amelala, moyo pekee ndio unaosukuma, akiushusha, uzito wa damu yenyewe unasaidia kuifikisha vidoleni. Mgonjwa anakuwa amejigundulia tiba yake bila kufundishwa na mtu. Tatizo ni kwamba mguu unaoning'inia usiku kucha unavimba, na sisi tukiona uvimbe tunaagiza uinuliwe juu ya mito, wakati mwingine hata ufungwe bandeji ya kubana. Kwa huyu, wiki mbili nzima mguu wake ulikuwa ukiinuliwa mchana kwa ushauri wa kitabibu na kushushwa usiku kwa akili yake mwenyewe.

Tulichokiona

Joto la mwili 37.1. Presha mkononi 158/86. Sukari ya papo hapo 15.8 mmol/L, HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari wa miezi kama mitatu, asilimia 9.6. Kreatinini, kipimo cha figo, 118. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha dalili za shambulio la zamani ambalo hakuwahi kulijua.

Mguu wa kushoto: ngozi ya muundi imekuwa nyembamba na inang'aa, vinyweleo vimekwisha, kucha zimenenepa. Uzi wa nailoni wa gramu 10, wa kupimia ganzi, hakuuhisi sehemu nyingi za unyayo. Kidonda kilikuwa na upana wa sentimita 2, sakafu yake ya kijivu, na ncha ya kidole nyeusi, kavu. Wekundu wa kuzunguka haukufika sentimita 2. Muuguzi alipokisafisha hakikutoa damu hata tone. Binti akasema hata zahanati hakikuwa kinatoa damu, na wao walifurahi wakaona ni dalili ya kupona.

Rangi ya mguu kwenye ngozi nyeusi haisomeki vizuri upande wa juu. Tazama unyayo na vitanda vya kucha. Tulipouinua mguu nyuzi 45 kwa dakika moja, unyayo ulipauka. Tulipoushusha, vena za juu ya wayo zilichukua zaidi ya sekunde 20 kujaa, na polepole unyayo ukawa mwekundu wa kukoza. Mapigo ya nyuma ya goti yalikuwepo. Ya juu ya wayo na ya nyuma ya kifundo cha ndani hayakuwepo kushoto; kulia yalikuwa hafifu mno, kiasi kwamba watu wawili hatukukubaliana kama yapo.

Kisha tukairudia ile picha ya eksirei. Mifupa kweli ilikuwa salama. Lakini katikati ya mfupa wa kwanza na wa pili wa wayo palikuwa na mistari miwili myeupe, myembamba, inayokwenda sambamba. Hiyo ni ateri. Ateri ya kawaida haionekani kwenye picha ya mifupa; ikionekana, ukuta wake umejaa kalsiamu. Aliyeisoma picha alitafuta alichoagizwa kutafuta, akakijibu sawasawa.

Namba 1.33

Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo kisa kilipogeukia.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Unafunga mkanda wa presha juu ya kifundo, unasikiliza ateri ya mguu kwa dopla ndogo ya mkononi (kifaa kinachotoa sauti ya damu inayopita mshipani), unapandisha mkanda hadi sauti ipotee, unaushusha polepole, na pale sauti inaporudi ndipo presha ya mguu. Unagawa kwa presha ya mkono iliyo kubwa. Kati ya 1.0 na 1.4 ni kawaida, 0.9 kushuka chini ni ugonjwa wa ateri za miguu, kupita 1.4 ni ishara kwamba ateri zimekakamaa. Sisi tulipata 210 kushoto, mkono 158: 1.33 ileile. Waliotutangulia walipima vizuri.

Kasoro iko kwenye kile ambacho mkanda unapima hasa. Unapima nguvu inayohitajika kuufinya mshipa mpaka ufunge, na kwa mshipa laini nguvu hiyo ni sawa na presha ya damu iliyo ndani. Mshipa wenye kalsiamu ni bomba la chuma: unaweza kulikaza mpaka mkanda upasuke na usijue kama ndani kuna maji au hakuna. Kisukari cha muda mrefu na ugonjwa wa figo ndivyo vinavyoleta ukakamavu huu mara nyingi. Ateri ikiwa ngumu kabisa namba hupita 1.4 na kila mtu hushtuka. Hatari zaidi ni ile iliyokakamaa na kuziba kwa wakati mmoja: kuziba kunavuta namba chini, ukakamavu unaivuta juu, na inatua katikati, pale panapoitwa kawaida. Mguu wake wa kulia ulilionyesha hili waziwazi zaidi: tulifika 250 na sauti haikupotea.

Sauti yenyewe ilikwishatueleza kabla ya namba. Ateri yenye afya kwenye dopla hutoa mdundo mkali wenye sehemu mbili au tatu. Yake ilikuwa sauti moja, nzito, inayojivuta. Mtu yeyote mwenye masikio anaweza kufundishwa tofauti hii mchana mmoja, na ni maarifa yanayodumu kuliko namba. Jambo la vifaa: dopla ya wajawazito iliyopo karibu kila wodi ya wazazi hutumia mawimbi ya megahezi 2 hadi 3, yanayokwenda ndani sana, ateri ya wayo iko juu juu na inataka kama megahezi 8. Ile ya wodi ya wazazi isipokuonyesha kitu, usiandike kwamba hakuna kitu.

Dawa ya tatizo hili ni kupima presha ya kidole gumba, kwa sababu ateri za vidole mara nyingi hazikakamai. Kunahitajika mkanda mdogo wa kidole na kihisio chake. Hatukuwa navyo. Tukafanya kipimo cha zamani kisichohitaji mkanda kabisa.

Mgonjwa analala chali. Dopla inawekwa juu ya ateri ya wayo mpaka sauti isikike, na mguu unainuliwa taratibu, goti likiwa limenyooka. Kadiri unavyopanda ndivyo moyo unavyolazimika kuisukuma damu mlimani. Sauti inapokatika, unapima kimo cha wayo kutoka usawa wa moyo. Kila sentimita 13 za kimo cha damu ni karibu milimita 10 za zebaki. Kalsiamu haiwezi kuingilia, kwa kuwa hakuna kinachofinywa. Kipimo kina kikomo chake: urefu wa mguu wa mtu unaruhusu kupima hadi kama milimita 60 tu. Lakini juu ya hapo si eneo la dharura, kwa hiyo kikomo hicho hakitusumbui sana.

Mguu wa kulia sauti iliendelea mpaka mwisho wa kuinua. Wa kushoto ilikatika kwenye sentimita 38. Tukairudia, ikakatika palepale.

Sentimita 38 ni milimita 30 hivi za zebaki. Mguu ulioandikiwa presha ya 210 ulikuwa na 30. Chini ya 50 kwenye kifundo, mgonjwa akiwa na kidonda, miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari inataka uchunguzi wa haraka wa mishipa na mpango wa kurudisha damu.

Kidole kikatwe au kisikatwe

Tulikadiria mguu kwa mizani ya mambo matatu: kidonda, upungufu wa damu, maambukizi, kila kimoja kuanzia 0 hadi 3, 3 ikiwa mbaya zaidi. Kidonda chenye kidole kilichoanza kufa, 2. Damu, 3. Maambukizi, 1. Mkusanyiko huo unaangukia kundi lenye hatari kubwa ya kukatwa mguu, na pia kundi linalofaidika zaidi na kuzibuliwa mishipa.

Ukitazama namba hizo utaona kwamba antibiotiki zilikuwa zikipigana na sehemu ndogo kuliko zote ya tatizo. Na hapa nijibu lile neno la mzee kuhusu waliokatwa vidole wakaishia kuzikwa. Kidole kikikatwa kwenye mguu wenye presha ya 30, jeraha la upasuaji linahitaji damu zaidi ya ile iliyokuwepo kabla ya kisu. Haipo. Jeraha linageuka jeusi, anakatwa wayo, halafu chini ya goti, halafu juu. Watu wanaona kisu kinaua, kumbe kinachoua ni mpangilio wa kazi. Tafiti za nchi mbalimbali zinaonyesha kuwa karibu nusu au zaidi ya waliokatwa mguu juu ya kifundo hufariki ndani ya miaka 5, wengi wao kwa moyo na kiharusi, kwa kuwa ateri zilizoziba mguuni hazizibi mguuni peke yake.

Kidole kilichokauka na kisicho na usaha kinaweza kusubiri. Hili lilikuwa gumu kuwaeleza ndugu, kwani kidole cheusi kinatisha. Nilimwambia kaka yake mkubwa: “Kaka, hatukatai kukata. Tunataka kwanza damu ifike, ndipo kikatwe kidogo na kipone.” Alinyamaza kidogo, kisha akauliza damu inarudishwaje. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyewasukuma wengine. Kingekuwa na usaha, harufu na homa, nisingesema hivyo. Usaha unafunguliwa siku hiyohiyo, damu iwepo isiwepo.

Kipindi cha kusubiri

Rufaa ilikuwa Dar es Salaam. Moshi kwenye hospitali ya KCMC pia ilizungumzwa, lakini Dar kulikuwa na ndugu wa kufikia. Bima hakuwa nayo. Kaka akauza mavuno ya nazi mapema, binti akakopa kwenye kikoba, waumini wa msikiti wao wakachanga. Yalipita majuma matatu, na kazi yetu ikawa kuhakikisha hayapotei bure.

Tulimwanzishia klopidogreli, dawa ya kuzuia damu isigande, miligramu 75 kwa siku. Utafiti wa CAPRIE wa mwaka 1996 ulionyesha inazidi aspirini kidogo katika kuzuia shambulio la moyo na kiharusi, na faida ilionekana zaidi kwa wenye ugonjwa wa ateri za miguu. Atorvastatini, statini ya kushusha lehemu, miligramu 40 usiku, bila kusubiri majibu ya lehemu. Kwa mgonjwa wa aina hii statini hutolewa hata lehemu ikiwa ya kawaida. Glibenklamidi tuliisimamisha tukaweka insulini. Presha tuliishusha polepole, kwa sababu mguu wenye milimita 30 hauwezi kuvumilia presha kuporomoka ghafla. Antibiotiki moja kwa siku 10, basi. Kidonda kilifungwa kwa gozi kavu, bila kuloweka, bila maji ya moto, bila kukwangua sehemu nyeusi. Kisigino kiliwekewa sponji kisiguse godoro, maana kisigino cha mguu kama huu hupata kidonda kipya kwa usiku mmoja wa kulala vibaya. Mito ya kuinulia mguu ikaondolewa, akalala mguu ukiwa umeshuka kidogo.

Na sigara. Sikumhubiria. Nilimwonyesha mkewe na yeye ile sauti ya dopla, mguu wa kulia na wa kushoto, nikawaeleza kila sigara inafanya nini kwenye ateri ambayo imebaki. Mkewe akachukua pakiti mfukoni mwake. Wiki ya kwanza alikuwa mkali kwa kila mtu nyumbani. Baada ya hapo hakuvuta tena hadi ninapoandika. Katika dawa zote alizopewa, hakuna inayoshinda hili.

Dar es Salaam

Ni zaidi ya kilomita 300 kupitia Segera na Chalinze. Alikaa kiti cha mbele, mguu sakafuni juu ya mto.

Angiografia, picha ya mishipa ya damu, ilionyesha ateri ya paja na ya nyuma ya goti ziko wazi. Chini ya goti, kati ya ateri tatu, ya mbele na ya nyuma zilikuwa zimeziba kwa urefu, na ile ya kando ndiyo pekee iliyokuwa ikifika karibu na kifundo. Madaktari walijadili kati ya kupandikiza mshipa wa kupitishia damu na kutumia puto linalopanuliwa ndani ya ateri kuizibua. Ushahidi wa miaka ya karibuni unavutana: utafiti wa BEST-CLI wa 2022 uliegemea upasuaji kwa wenye vena nzuri ya mguuni, na BASIL-2 wa Uingereza, 2023, ukaegemea kuanza na puto pale ugonjwa ulipo chini ya goti. Kwa mzee mwenye kovu la zamani moyoni na vena nyembamba, puto lilichaguliwa. Waliifungua ateri ya mbele hadi juu ya wayo. Metformini ilisimamishwa siku ya kipimo kwa sababu ya dawa inayochomwa mshipani ili picha ionekane, ikarudishwa figo zilipopimwa tena baada ya saa 48 na kuonekana salama.

Siku ya nne kidole kilikatwa. Kwenye barua ya kumrudisha, daktari wa upasuaji aliandika kwamba kingo za jeraha zilitoa damu vizuri. Ni sentensi fupi, lakini ndiyo niliyoitafuta kwanza nilipoifungua barua.

Jeraha lilifunga wiki ya 12. Halikwenda moja kwa moja: wiki ya sita lilisimama, tukapima kwa kuinua mguu, sauti haikukatika, na sababu ikaonekana kuwa sukari aliyoiachia wakati wa harusi ya mjukuu. Aspirini iliongezwa juu ya klopidogreli kwa miezi ya mwanzo baada ya puto, kisha ikaondolewa. Kuna njia nyingine, rivaroxabani, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande, ya miligramu 2.5 mara mbili kwa siku pamoja na aspirini, ambayo utafiti wa VOYAGER PAD wa 2020 ulionyesha inapunguza matatizo ya mguu na moyo baada ya kuzibuliwa, kwa gharama ya kutoka damu zaidi. Familia isingeimudu kwa miezi mfululizo, na dawa inayokatizwa katikati nisingependa kuianzisha.

Tulivyofundishwa

Wengi wetu tulifundishwa kuwa mguu wa kisukari Afrika ni mguu wa ganzi na maambukizi, na kwamba kuziba kwa ateri ni ugonjwa wa Wazungu. Kulikuwa na msingi. Vidonda vingi hapa kwetu huanza na ganzi, na mafunzo ya mradi wa Step by Step, uliohusishwa sana na Dkt. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, yaliwafikishia wahudumu wa mikoani elimu ya kutazama miguu iliyookoa watu wengi. Lakini wagonjwa wetu sasa wanaishi na kisukari miaka 14, 20, na zaidi. Ateri zimepata muda wa kukakamaa na kuziba. Ganzi na kuziba vinakaa kwenye mguu mmoja, na anayekuta ganzi huacha kutafuta.

Kwa hiyo ninashikilia hivi: kila kidonda cha mguu kwa mwenye kisukari kihesabiwe kina upungufu wa damu mpaka ithibitike vinginevyo, na uthibitisho huo usiwe namba ya mkanda peke yake. Kidonda kisichotoa damu kinaposafishwa, mguu unaoshushwa usiku, mistari sambamba kwenye eksirei, sauti moja ya dopla: lolote kati ya haya lina nguvu kuliko 1.33.

Mguu wa kulia

Huu haujapata kidonda. Sauti yake ni ya sehemu moja, ateri zake ni ngumu, ila usiku haumsumbui na kipimo cha kuinua hakikatiki. Binti aliuliza kwa nini nao usizibuliwe kabisa, na ni swali la haki. Ateri ya chini ya goti iliyofunguliwa kwa puto huweza kuziba tena, na mguu usio na kidonda wala maumivu ya usiku haufaidiki na hatari hiyo. Unatibiwa kwa dawa, kwa kuacha sigara na kwa kutembea: siku tatu kwa wiki baiskeli inabaki nyumbani, anatembea mpaka mguu uchoke, anasimama, anaendelea, hadi dakika 30 zitimie. Mwezi uliopita alifika kwa fundi cherehani bila kusimama.

Ameshonewa viatu vyenye nafasi mbele na sponji ndani. Anapotawadha, mkewe au mjukuu anakausha katikati ya vidole na kutazama unyayo. Anaonwa kila miezi 3 kwa dopla miguu yote miwili, na ameandikiwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa herufi kubwa, kwamba presha ya kifundo chake kwa mkanda isiaminiwe.